Seli shina na ugonjwa wa Parkinson: kilichopimwa na kinachouzwa

Aprili 2025 jarida la Nature lilitoa kwa siku moja tafiti mbili zinazofanana, moja kutoka Kyoto, Japani, na nyingine kutoka Marekani na Kanada. Katika zote mbili, madaktari waliwatoboa fuvu watu wenye ugonjwa wa Parkinson na kuwapandikizia ndani ya ubongo seli zilizooteshwa maabara kutokana na seli shina. Japani walikuwa wagonjwa 7, Amerika Kaskazini 12. Mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili baadaye, picha za ubongo zilionyesha dalili kwamba seli hizo zipo, zinaishi, na zinatengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayohitajika kuongoza mwendo wa mwili.

Habari ya namna hii ikishafika kwenye makundi ya WhatsApp huwa imebaki sentensi moja tu: Parkinson sasa inatibika. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu tafiti zenyewe hazikusema hivyo. Zilijibu swali dogo zaidi na la lazima: je, seli hizi ni salama kiasi cha kuendelea kujaribiwa? Jibu lilikuwa ndiyo. Kama zinamsaidia mgonjwa kuliko kutobolewa kichwa bila kuwekewa chochote, hilo ni swali jingine, na ndilo linalosubiriwa.

Tuanze na kinachoharibika. Katika sehemu ya juu ya shina la ubongo kuna vipande viwili vidogo vya tishu, kimoja kila upande, ambavyo ubongo ukikatwa huonekana vyeusi kwa macho. Seli za humo hutengeneza dopamini na kuipeleka, kwa nyuzi ndefu, hadi eneo la mbele yake liitwalo putameni, ambako mwendo wa mwili hupangwa. Mtu anaposhika kikombe bila kufikiri, dopamini imeshafanya kazi yake. Kwa mwenye Parkinson seli hizo hufa polepole, kwa miaka. Siku mkono wa kwanza unapoanza kutetemeka, au mwandiko unapoanza kuwa mdogo mdogo, takriban nusu ya seli hizo huwa zimekwisha kufa.

Daktari James Parkinson wa London alieleza dalili hizi mwaka 1817, lakini sababu yake ilijulikana karne moja na nusu baadaye. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyokausha kemikali fulani za ubongo. Sungura wakalala chini, masikio yameanguka, hawajiwezi. Akawachoma sindano ya levodopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, na baada ya muda mfupi wakainuka. Miaka ya sitini levodopa ikaingia hospitalini, na mpaka leo hakuna kidonge kilichoishinda. Carlsson alipata Nobeli mwaka 2000.

Kwa nini basi watu wahangaike na upasuaji? Kwa sababu levodopa huchoka, au tuseme ubongo huchoka nayo. Miaka ya mwanzo kidonge kimoja hubeba nusu siku. Baadaye hubeba saa tatu, halafu mbili. Kikikolea kupita kiasi, mwili hujinyonganyonga wenyewe bila mtu kutaka. Kikiisha nguvu, miguu hugoma katikati ya mlango. Levodopa humwagilia shamba zima kwa ndoo, mara nne au tano kwa siku. Seli hai zingekuwa mfereji unaopita pale pale penye mche, mchana na usiku, na kujirekebisha wenyewe maji yakizidi. Hiyo ndiyo hoja yote ya kupandikiza seli.

Parkinson pia ni ugonjwa wenye nafuu moja kwa watafiti: hasara kubwa ya mwendo inatokana na aina moja ya seli, mahali pamoja. Ugonjwa kama Alzheimer huvuruga ubongo karibu wote, kwa hiyo hata ukipewa seli mpya hujui uziweke wapi. Hapa unajua. Kuna ujanja mmoja tu: seli mpya haziwekwi pale zile za zamani zilipofia. Katika ubongo wa mtu mzima, nyuzi haziwezi kutegemewa kukua umbali wote ule hadi kwenye putameni. Kwa hiyo hupandikizwa ndani ya putameni yenyewe, mlangoni kwa mteja.

Wazo si la jana. Mwaka 1987, mjini Lund, Sweden, timu ya Anders Björklund na Olle Lindvall ilianza kupandikiza tishu za ubongo kutoka kwa vijusi vya mimba zilizotolewa. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya ajabu. Mmoja aliweza kukaa miaka kadhaa bila levodopa kabisa, na alipofariki, zaidi ya miongo miwili baada ya upasuaji, seli za kupandikizwa zilikutwa bado hai kichwani mwake. Wengine hawakupata kitu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowasumbua watafiti: dawa inayofanya muujiza kwa mmoja na kunyamaza kwa mwingine huwezi kuiandika kwenye cheti.

Wamarekani wakaamua kupima kwa ukali. Huko Denver na New York wakachukua wagonjwa 40 na kuwagawa kwa kura. Nusu walipandikizwa tishu. Nusu nyingine waliingizwa chumba kile kile cha upasuaji, wakiwa macho, wakatobolewa mfupa wa paji la uso, wakasikia keekee ikizunguka, halafu hakuna kilichoingizwa. Hakuna aliyeambiwa yuko kundi gani. Matokeo yalitoka mwaka 2001 na yalikuwa machungu. Kipimo kikuu, yaani mgonjwa mwenyewe anajionaje, hakikuonyesha tofauti. Wenye umri wa miaka 60 au chini walipata nafuu kidogo kwenye vipimo vya daktari, wazee hawakupata. Halafu, baada ya mwaka wa kwanza kupita, asilimia 15 ya waliopandikizwa wakaanza kujinyonganyonga hata dawa ilipokuwa imepunguzwa au kusimamishwa. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka 2003, wenye wagonjwa 34, ulikuta tatizo hilo kwa zaidi ya nusu ya waliopandikizwa.

Wengi hulipita jaribio la Denver haraka kwa sababu lilishindwa. Mimi naona ndilo lenye somo zito kuliko yote. Walipofuatiliwa zaidi, iligundulika kwamba waliodhani wamepandikizwa walieleza maisha bora kuliko waliodhani hawakupandikizwa, bila kujali ukweli wa kichwani mwao. Hawakuwa wanadanganya. Mwaka huo huo wa 2001, watafiti wa Canada walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa kitu kisicho na dawa huku akiamini ni dawa, ubongo wake hutoa dopamini ya kweli. Yaani katika ugonjwa huu matumaini yanapimika kwenye mashine. Ndiyo maana ushuhuda wa “nilidungwa seli na sasa natembea” unaweza kuwa wa kweli kabisa, na bado usithibitishe chochote kuhusu seli.

Tishu za vijusi zilikuwa na kasoro nyingine. Ukiacha mjadala wa kimaadili, ambao katika nchi nyingi ulitosha kuufunga mlango, hazikupatikana kwa wakati. Upande mmoja wa ubongo ulihitaji tishu kutoka vijusi kadhaa kwa pamoja, vyote vikiwa vya umri unaofaa. Mradi wa Ulaya ulioitwa TRANSEURO ulikusudia kupandikiza wagonjwa 20. Walifika 11, na upasuaji mwingi uliahirishwa mgonjwa akisubiri. Tena kila mzigo wa tishu ulikuwa na mchanganyiko wake. Ndani yake kulikuwa na seli za dopamini, lakini pia za serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambazo zinashukiwa kuchangia kule kujinyonganyonga.

Hapa ndipo seli shina zinapoingia. Ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini: zinaweza kujigawa kwa muda mrefu, na zikielekezwa zinageuka kuwa moyo, ngozi au ubongo. James Thomson wa Wisconsin alizitenga kutoka viinitete vya binadamu, yaani mimba za siku chache tu, mwaka 1998. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto akafanya kitu ambacho wengi hawakukitarajia: alichukua seli za kawaida za panya mzima, akaziwekea jeni nne, nazo zikarudi utotoni. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akagawana Nobeli na John Gurdon wa Uingereza. Tangu hapo hukulazimika tena kuanza na kiinitete. Damu ya mtu mzima inatosha.

Kuwa na seli shina si sawa na kuwa na seli ya dopamini, na kazi kubwa ya miaka ishirini iliyopita imekuwa hapo katikati. Maabara huiga safari ya kijusi. Kwanza seli huogeshwa kemikali zinazofunga njia nyingine zote isipokuwa ya neva. Kisha huongezwa ishara zinazoiambia seli ipo sehemu gani ya ubongo, kwa dozi ambayo ikizidi au ikipungua kidogo unapata seli za jirani badala ya unazotaka. Lorenz Studer wa New York alionyesha njia hiyo ikifanya kazi mwaka 2011. Seli hupandikizwa kabla hazijakomaa, baada ya wiki kadhaa hivi za malezi, kwa sababu zilizokwisha kukomaa huvunjika zinapopita kwenye sindano. Zinamalizia kukua kichwani mwa mgonjwa. Ndiyo sababu hakuna anayeamka kesho yake akiwa mzima. Nafuu, kama ipo, hujengeka kwa miezi.

Hatari inayoogopwa kuliko zote ni ile seli moja iliyokataa kukua, ikabaki na uwezo wake wa kujigawa bila kikomo. Hiyo ni mbegu ya uvimbe. Timu ya Kyoto, chini ya Jun Takahashi, huchuja seli kwa kutumia alama iliyo juu ya zile zinazofaa, zisizo na alama zikaachwa nje. Katika wagonjwa wao 7, waliokuwa na umri wa miaka 50 hadi 69, uvimbe haukuonekana kwa miaka miwili ya ufuatiliaji. Kati ya 6 waliopimwa mwendo, 4 walikuwa wamepata nafuu walipopimwa bila dawa, na utengenezaji wa dopamini kwenye putameni ulipanda kwa wastani wa asilimia 44.7.

Timu ya pili, ya kampuni ya BlueRock iliyo chini ya Bayer, ilitumia seli zinazotokana na kiinitete. Wagonjwa 5 walipewa dozi ndogo na 7 dozi kubwa, na hii kubwa ilikuwa seli milioni 2.7 kila upande. Baada ya miezi 18 wale wa dozi kubwa walikuwa wameshuka kwa wastani wa alama 23 kwenye kipimo cha mwendo ambacho kikomo chake ni 132, na alama zikishuka maana yake hali imekuwa nzuri. Wale wa dozi ndogo walishuka kama alama 9. Sweden na Uingereza nao wana jaribio lao, STEM-PD, linaloongozwa na Malin Parmar wa Lund, ambalo mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa Februari 2023.

Alama 23 si mchezo. Mgonjwa anayepata nafuu hiyo anaiona, na mkewe anaiona. Lakini rudi Denver: katika tafiti hizi mbili kila mtu alijua kwamba amepandikizwa. Hakukuwa na waliotobolewa bure. Kwamba dozi kubwa imefanya vizuri kuliko ndogo ni ishara njema, na picha za dopamini ni ishara njema zaidi, ila kwa watu 12 na 7 huwezi kuapa.

Kuna pia bei ya kulipwa mwilini. Seli za mtu mwingine hukataliwa, kwa hiyo wagonjwa wa tafiti zote mbili walimeza dawa za kushusha kinga kwa takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo, na mzee mwenye kinga iliyoshushwa ni mtu wa kuchungwa. Japani wamejaribu kupunguza tatizo hili kwa kuhifadhi seli za watu wachache ambao alama zao za kinga zinaoana na za wengi. Seli za mtolea damu mmoja zinaoana na takriban asilimia 17 ya Wajapani. Kwa Afrika hesabu hiyo haifanyi kazi vivyo hivyo. Watu wa bara hili wanatofautiana kijeni kuliko wa bara lolote, na benki iliyopangwa kwa ajili ya Osaka haitamfaa sana mtu wa Kisumu au Bukavu. Kutengeneza seli za kila mgonjwa kutoka ngozi yake mwenyewe kunaondoa tatizo la kinga, na kulifanyika Boston kwa mgonjwa mmoja ambaye kisa chake kilichapishwa 2020. Lakini ni kazi ya miezi mingi kwa mtu mmoja, na kwa gharama za sasa ni anasa.

Halafu kuna ambalo seli haziligusi. Parkinson si kutetemeka tu. Ni choo kigumu kinachoanza miaka kumi kabla ya mkono, ni kupoteza harufu, kupiga mateke usingizini, huzuni, na kwa wengine kupotea kwa kumbukumbu. Mengi ya hayo hayatokani na upungufu wa dopamini kwenye putameni, kwa hiyo kuirudisha hapo hakutayaondoa. Wala ugonjwa wenyewe hausimami. Mwaka 2008 watafiti walipasua ubongo wa wagonjwa waliokuwa wamepandikizwa tishu miaka 11 hadi 16 kabla, wakakuta ndani ya baadhi ya seli changa yale mabonge ya protini ya alfa-sinukleini yanayoutambulisha ugonjwa. Seli zilizotoka kwa kijusi zilikuwa kama zimeambukizwa ugonjwa wa mwenyeji wao. Zilizoathirika zilikuwa chache, na pandikizo lililodumu miaka kumi na tano bado lina thamani kubwa kwa mtu wa miaka 60. Ila neno sahihi ni kukarabati. Anayesema kuponya amevuka ushahidi.

Sasa kuhusu wanaouza. Ukitafuta mtandaoni “tiba ya seli shina Parkinson” utakutana na kliniki za nchi mbalimbali zinazokukaribisha na pasipoti yako na dola zako. Mara nyingi wanachotoa ni seli zilizovunwa kwenye mafuta ya tumbo au uboho wa mgonjwa mwenyewe, au kwenye kitovu cha mtoto mchanga, zikadungwa kwenye mshipa wa mkono. Seli hizo si zile za Kyoto. Hazijageuzwa kuwa seli za dopamini, na za mshipani nyingi hukwama kwenye mapafu kabla hata ya kufika shingoni. Wanaotumia jina moja kwa vitu viwili wanajua wanachofanya. Na si kwamba hasara ni ya pesa tu: mwaka 2009 iliripotiwa habari ya kijana wa Israeli mwenye ugonjwa mwingine wa neva, aliyepelekwa Moscow utotoni kudungwa seli za vijusi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Miaka minne baada ya matibabu ya kwanza alikutwa na uvimbe, na vipimo vikaonyesha uvimbe huo haukuwa wa mwili wake, ulitoka kwa watoa seli.

Njia rahisi ya kutofautisha ni pesa. Katika jaribio halali la utafiti, mgonjwa hauziwi seli. Ukiombwa malipo ili “ushiriki utafiti”, hapo hakuna utafiti.

Majaribio halali yanakwenda. Agosti 2025 kampuni ya Sumitomo Pharma iliomba kibali cha kutumia seli za Kyoto nchini Japani, ambako sheria inaruhusu kibali cha muda chenye masharti huku ushahidi ukiendelea kukusanywa. Nadhani ni haraka mno kwa wagonjwa 7, ingawa naelewa kwa nini mwenye ugonjwa hataki kusikia neno “subiri”. BlueRock wao wamechagua njia ya Denver: jaribio la awamu ya tatu lenye wagonjwa wapatao 102, ambao baadhi watafanyiwa upasuaji wa bandia. Kipimo kikuu ni saa ngapi kwa siku mgonjwa anatembea vizuri bila kujinyonganyonga kunakomsumbua, baada ya wiki 78.

Wakati hayo yanasubiriwa, kwetu tatizo bado ni la miaka ya sitini: kutambua ugonjwa na kuipata levodopa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000 na kukuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa nini. Wengine walichukulia ni uzee, wengine kurogwa. Levodopa iliyochanganywa na carbidopa, dawa inayoisaidia kufika ubongoni, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni kidonge cha zamani kisicho na hati miliki, na bado kuna mikoa utazunguka maduka ya dawa siku nzima usikipate. Mbegu za upupu, ule ule wa kuwasha, zina levodopa ya asili, na jaribio lililofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18 lilionyesha unga wake unasaidia ukipimwa vizuri. Usijipimie nyumbani, dozi yake haibahatishwi. Lakini inaonyesha kwamba umbali kati ya mgonjwa na nafuu si lazima uwe wa safari ya kwenda Kyoto.

Kwa mwenye mzee nyumbani anayetetemeka mkono ukiwa umetulia, anayeburuta mguu na kupunguza sauti, cha kuombea rufaa leo ni daktari wa neva, au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani kama wa neva hayupo. Akianza levodopa, kwa kawaida hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, kwa kuwa protini ya nyama na maharage hushindana nayo njiani, na saa za kumeza zisiyumbe. Ikimchafua roho tumbo likiwa tupu, ameze na kipande cha mkate na kumwambia daktari. Mazoezi ya viungo yana ushahidi kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la seli shina, nayo hayahitaji pasipoti.